Dole Gumba la Marehemu

Mliponiacha wiki iliyopita nilikuwa nimesimama mbele ya Dirisha Moja, ile ofisi mpya ya kuthibitisha watu, na mashine ya serikali imetoka kuniambia kwamba mimi si mimi. Baadhi yenu mmepiga simu gazetini kuuliza kama nina akili timamu. Ninazo, ingawa siku hizi nazishika kwa mikono miwili.

Kwa msomaji anayenikuta leo: mimi ni mjane, mfanyakazi wa hospitali, upande wa mashuka. Ninamtaka mtoto wa marehemu mdogo wangu, ambaye analelewa kwenye kituo cha watoto. Kituo kinafungwa Ijumaa. Asiyechukuliwa na ndugu atapelekwa kituo kingine huko mbali, ambako hata barua hufika kwa kusuasua. Ili nikabidhiwe, serikali lazima ithibitishe kwamba sina doa.

Zamani, kuthibitishwa huko kulikuwa safari. Polisi walichukua alama za vidole. Ofisi ya mtaa nayo ikachukua zake. Ustawi wa jamii wakataka zao. Kila ofisi na wino wake, kila ofisi na kabati lake, na hakuna iliyoiamini nyingine. Ungeweza kuomba kulea mtoto mchanga ukajibiwa akiwa ameota ndevu.

Sasa wamerahisisha. Makabati yote yamemwagwa kwenye kompyuta moja, na ukutani wameandika kwa herufi kubwa: KIDOLE KIMOJA, JIBU MOJA. Nisiwe mnafiki, nilifurahi. Nilibonyeza kidole asubuhi nikitegemea kurudi na mtoto kabla ya chakula cha mchana.

Jibu likaja kweli, upesi. Alama za kwenye faili langu la zamani si zangu. Ni za mwanamume.

Basi Jumatano nikaitwa tena.

Kabla ya kutoka nilisimama pale mlangoni, kando ya swichi ya taa. Hapo ukutani pana alama ya dole gumba, ya zambarau, imefifia. Mume wangu aliiacha siku moja aliporudi kazini bila kunawa. Niligomba siku ile hadi majirani wakasikia. Baada ya kumzika, nyumba imepakwa rangi mara mbili, na mara zote mbili nimemwambia mpaka rangi alipite lile doa kwa mbali.

Ndiyo, mimi mfua mashuka. Nimeyashinda madoa ya watu wote, la kwangu nimelitunza. Na kitandani bado nalala upande wa nje, wa ukutani ni wake.

"Umeniachia ukuta mchafu," nikamwambia, kama ninavyomwambia kila siku. Nikafunga mlango.

Ofisini benchi lilikuwa limejaa watu, na nilipowatazama vizuri nikaona kitu kimoja. Wote walikuwa na mikono mibovu. Mama mmoja mwuza samaki, vidole vimechanjwachanjwa na mapezi. Mzee mmoja mtengeneza ngozi, viganja vyeusi hadi kwenye kifundo. Pembeni yao fundi mwashi, mikono imeliwa na saruji.

Fundi akanisogelea, akanong'ona, "Dada, na wewe umeambiwa si wewe?"

"Nimeambiwa mimi ni mwanaume."

"Mimi afadhali. Nimeambiwa mimi ni huyu mama wa samaki."

Mwuza samaki akasonya. "Tena bora ungekuwa mimi kweli, ungeamka alfajiri ukaone kazi."

Tukacheka. Lakini mimi niliacha kabla yao, kwa sababu nilianza kuelewa. Watu wa mikono mibovu, wote wana alama moja. Na mimi nilikuwa namjua mtu mmoja tu mwenye huruma ya kijinga namna hiyo.

Mlango wa barabarani ukafunguka, akaingia matroni wa kituo akiwa amemshika mkono mtoto wetu. Pale kituoni wanamwita Chiriku, maana mdomo wake hauna likizo. Ana miaka saba. Ana paji la uso la mdogo wangu, na macho ambayo kila nikiyatazama nahisi nimeyaona mahali.

"Mama mkubwa! Nimekuja na mfuko wangu wote! Matroni amesema nikirudi nao basi ujue imeshindikana. Haitashindikana, eti?"

"Haitashindikana," nikasema.

Matroni akanivuta pembeni. "Dada yangu, gari la kuwahamisha limeshawekwa mafuta. Mimi nimefanya langu. Leo ndiyo leo."

Jina langu likaitwa.

Ndani alikuwa binti mmoja mdogo wa umri, miwani puani, sauti ya upole. Mbele ya meza yake kulikuwa na kiti, na mbele ya kiti kile kioo kidogo kinachowaka kijani, cha kuwekea kidole. Kamera imekukodolea jicho.

"Shikamoo, mama. Kaa."

"Marahaba, mwanangu."

Akanigeuzia kompyuta. "Unalijua hili?"

Lilikuwa dole gumba, kubwa kama sahani. Na katikati yake, mstari wa kovu uliokatiza kwa mshazari.

Nililijua kabla sijakaa sawasawa. Lile kovu lilitokana na wembe. Mume wangu hakuamini vichongeo, alichonga penseli zake kwa wembe, na siku moja wembe ukamchonga yeye.

"Ni la mume wangu," nikasema.

"Yuko wapi?"

"Ardhini. Alikuwa karani hapahapa, kwenye hicho chumba cha nyuma, enzi za wino. Wenzake walimwita Wino. Basi alilopanda liliungua. Nilioneshwa chuma cha mkanda wake nikaambiwa ndiye huyu, nikakizika."

Binti akavua miwani. "Pole sana, mama. Sasa dole lake limefikaje kwenye faili lako?"

Nikamweleza. Nilikuwa msichana, nimepata kazi ya kufua hospitalini, lakini hupokelewi bila cheti cha mwenendo. Nilikuwa nimeshafua miaka mingi majumbani kwa watu, na klorini ilikuwa imevila vidole vyangu hadi vimekuwa laini kama kigae. Karani akanipaka wino, akabonyeza, karatasi ikatoka na doa tupu. Akarudia. Doa. Nikaanza kulia, maana fomu yenye doa ilikuwa inarudishwa, na ukirudishwa kazi inapewa mwingine.

Yule karani akatazama mlango, akachovya dole lake mwenyewe, akalibonyeza mahali pa langu. Akasema, "Hakuna atakayejua. Hizi karatasi zinaingia kabatini, hazitoki tena hadi Kiyama."

Kwa hiyo wengine huposwa kwa pete, mimi niliposwa kwa dole gumba. Kumbe mchumba alikuwa analigawa kwa kila mwenye shida.

"Sasa Kiyama kimefika," binti akasema, akatabasamu kidogo. "Makabati yamefunguka yote. Lakini wewe leo mbona vidole vimesoma vizuri?"

"Walinihamishia stoo, nakunja mashuka tu. Sigusi klorini. Ngozi imerudi."

Akaandikaandika kwenye kompyuta yake. 

"Sikiliza, mama. Hili linarekebishika. Karani akiwa amefariki, hili linahesabiwa kosa la marehemu. Nina ruhusa ya kufunga mafaili ya zamani na kufungua mapya kwa vidole vya leo. Lako, na ya wale wote wa kwenye benchi. Unakula kiapo kimoja kwamba karani mwenye dole hili ni mumeo na amekufa. Nakupa cheti. Mtoto unaondoka naye."

Nilitaka kuivuka ile meza nimbusu.

"Nipe kiapo hicho," nikasema.

Hakunipa. Aliinuka, akaenda akafunga mlango.

"Ila kuna jambo. Dole hili limebonyezwa Jumatatu."

"Jumatatu gani?"

"Jumatatu ya juzi, mama."

"Kompyuta yenu imekosea."

"Karatasi za wino ndizo zinazokosea. Hiki kioo hakichukui wino, kinataka kidole chenye damu. Na mwenye kidole lazima akae hapo ulipokaa."

Nikainuka kwenye kile kiti. Sikujijua nimeinuka, nilijikuta tu nimesimama, mgongo ukutani.

"Alikuja na jina jingine," binti akaendelea. "Akabonyeza. Mfumo ukamkataa, ukasema alama hizi zimo kwenye mafaili ya watu wengine. Nilifikiri ni hitilafu, nikamwambia asubiri nimwite mkubwa wangu. Niliporudi, kiti kitupu."

"Alitaka nini?"

"Alichotaka wewe."

"Mimi nataka mtoto."

 Binti akatazama kwenye kioo cha mlango, kule nje, ambako Chiriku alikuwa amekaa katikati ya fundi na mwuza samaki akiwasimulia habari isiyo na mwisho.



"Yule?" nikauliza.

"Yule."

"Na pale panapouliza uhusiano na mtoto, alijaza nini?"

Binti aliinamisha uso. Alikuwa na adabu, alitamani nisiulize.

"Baba," akasema.

Wasomaji, mnakumbuka nilivyowaeleza kuhusu matanga ya mume wangu. Niliwaambia mdogo wangu alivyolia, hadi akazimia, hadi akamwagiwa maji. Alilia kunishinda mimi mwenye mume. Watu wakasema, huyu ndiye ndugu wa kweli, ona anavyoibeba huzuni ya dada yake. Nami nikampenda zaidi kwa yale machozi. Siku chache baadaye akahama mji bila kuniaga, akazaa huko alikohamia, na ugonjwa ukamchukua kabla hajamtaja baba wa mtoto.

Nilikuwa nimeyaona mahali yale macho. Nilikuwa nimelala nayo mto mmoja.

"Picha yake iko hapa," binti akasema. "Kamera ilimchukua. Nakuomba uitazame, uniambie ukweli. Ukisema ndiye, basi wewe si mjane na karani yuko hai. Hapo inakuwa jinai, mafaili yote yanakwenda kwa wapelelezi na mimi siwezi kukupa cheti. Ukisema siye, huyo ni tapeli aliyeghushi alama za maiti, nawe unaendelea na mambo yako."

"Upelelezi utachukua muda gani?"

"Ijumaa itakuwa imepita zamani, mama."

Akabonyeza.

Alikuwa amezeeka. Ndevu zimeingia mvi, mashavu yamekwenda ndani. Upande mmoja wa shingo ngozi ilikuwa imekunjamana kama nailoni iliyopitiwa na pasi ya moto. Kwa hiyo alikuwemo kwenye basi, hilo hakunidanganya. Aliungua, akapona, akatembea juu ya ardhi hii akinunua mkate na kukata nywele, na hakurudi nyumbani.

Nilikuwa nikisema na alama ya ukutani kila asubuhi, na mwenyewe anapumua.

Nilitaka kukikumbatia kile kioo cha kompyuta. Nilitaka pia kukitupa dirishani. Yote mawili nilikuwa nayataka kwa nguvu zilezile, na sikujua mikono itachagua lipi.

Mlango ukafunguka ghafla. Ni Chiriku, mfuko begani.

"Mama mkubwa, yule fundi amesema yeye ni mama wa samaki, ni kweli au ananitania?" Kisha macho yake yakatua kwenye picha. "Haa! Huyo ni baba wa penseli!"

Binti akageuka. "Unamjua?"

"Huwa anakuja pale kwenye uzio wa kituo. Ananichongea penseli kwa wembe. Haongei sana. Siku moja alilia, nikampa kipande cha kifutio changu."

Matroni akamrudisha nje, akiomba radhi.  Kioo cha vidole kilikuwa kinawaka kijani, kinangoja.

"Mama," binti akasema taratibu. "Huyu ni mumeo?"

Niliitazama ile shingo iliyoungua, shingo niliyokuwa nikiikanda akirudi na maumivu. Nikautazama na ule mfuko wa mtoto kupitia mlangoni, mfuko ambao ndani yake mlikuwa na kila kitu alicho nacho duniani.

"Siye," nikasema.

"Una hakika?"

"Mume wangu nilimzika mimi mwenyewe. Huyo simjui."

Binti alinitazama kwa muda. Sijui aliona nini. Labda aliona kila kitu. Akavaa miwani yake, akanisogezea kioo.

"Weka kidole, uape."

Nikaweka. Kikasoma papo hapo, bila kusita, kikatoa mlio wa furaha. Miaka yote niliyoishi kwa dole la mtu mwingine nilikuwa msema kweli. Siku vidole vyangu viliporudi, kiapo changu cha kwanza kilikuwa cha uongo.

Nje ya mlango wakaanza kuitwa, mmoja mmoja. Fundi alitoka amenyanyua cheti chake juu. "Dada! Nasikia ni wewe umetuokoa! Mimi ni mimi tena!" Mwuza samaki akanishika mikono yote miwili akaniombea dua ndefu, kwamba Mungu anipe kama nilivyowapa. Mzee wa ngozi alilia. Niliitikia amina.

Chiriku hakunyamaza njia nzima. Aliuliza nyumbani kuna vyumba vingapi, na nani mwingine anaishi humo, na kama kuna paka.

"Chumba na sebule," nikamjibu. "Hakuna paka. Naishi peke yangu."

"Sasa si tutaishi wawili?"

"Tutaishi wawili."

Tulifika mchana bado jua kali. Mlango ulikuwa umefungwa kama nilivyouacha. Nikazungusha ufunguo. Mimi huwa siachi mapazia wazi nikitoka, kwa hiyo ndani palikuwa giza, na mtoto akasita kizingitini.

"Taa iko wapi, mama mkubwa?"

"Hapo kando ya mlango. Ngoja."

Mkono wangu unaijua ile swichi bila macho. Nikapapasa, nikawasha.

Kidole changu kilikuwa kimeloa. Nikakitazama: zambarau.

Kisha nikautazama ukuta. Alama ya siku zote ilikuwa pale, imefifia, imezungukwa na rangi mpya. Chini yake ilikuwapo nyingine, mbichi, inang'aa, na kovu lake la mshazari katikati. Niliyokuwa nimeichafua kwa kidole changu ndiyo hiyo.

Ufunguo wake. Siku ya kumzika niliuliza ufunguo wake uko wapi, wakanijibu moto hauachi kitu.

Chiriku alikuwa ameshapita chini ya mkono wangu, akaifikia meza. Juu ya meza ilikuwapo penseli moja, imechongwa ncha kali, na maganda yake yamekusanywa vizuri kwenye kisosi.

Akaiokota. Akageuka, uso uking'aa.

"Mama mkubwa, mbona hukuniambia? Kumbe baba wa penseli anakaa hapa!"

Nilimziba mdomo kwa kiganja chenye wino. Chumbani, kitanda kililia, upande wa ukutani.